Maswali ya Wasomaji: Ruta ina sasisho, nani atakuambia?

Barua nyingi za safari hii zinahusu famwea, yaani programu inayokaa ndani ya ruta na kuiendesha, na namna mwenye ruta anavyopata habari kwamba toleo jipya limetoka. Tumechagua saba. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Swali: Habari za kazi. Nina TP-Link Archer niliyoinunua Kariakoo yapata miaka mitatu. Simu kila mara inanidai sasisho, kompyuta nayo hivyo hivyo, lakini ruta haijawahi kuniambia lolote. Ina maana haina masasisho? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Njema, ndugu. Huenda yapo, ila ruta haina pa kukusemea. Taarifa yake hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni ukurasa wa utawala, ambao watu wengi huufungua siku ya kuweka nywila ya Wi-Fi, kisha basi. Ya pili ni programu ya simu iitwayo Tether, nayo hukufikia popote ulipo pale tu ulipoiunganisha ruta na akaunti ya TP-Link. Ukiwa unaingia kwa nywila ya ruta peke yake, utayaona yaliyomo ukiwa nyumbani na ukiifungua kwa hiari yako.

Kwa hiyo taarifa ifuate mwenyewe. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya ruta, zima data ya simu (la sivyo simu inaweza kuitafuta anwani hiyo nje ya nyumba), kisha andika tplinkwifi.net au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Nenda "Advanced", halafu "System" au "System Tools" kwa ruta za zamani kidogo, halafu "Firmware Upgrade". Hapo kuna mistari miwili ya kusoma kabla hujabonyeza kitu. "Firmware Version" huwa na neno Build likifuatiwa na tarakimu: "Build 190408" ni famwea iliyotengenezwa tarehe 8 Aprili 2019, yaani mwaka, mwezi, siku. Matoleo ya karibuni huandika mwaka mzima. Ukikuta tarehe ya miaka minne nyuma, umeshapata jibu la swali lako nusu.

Mstari wa pili ni "Hardware Version", ambao pia umechapwa kwenye stika ya chini ya ruta kama "Ver: 6.0". Huo ndio unaowaponza watu. Faili la V5 haliwekwi kwenye V6 hata kama jina la ruta ni lile lile, kwa sababu chipu za ndani huwa zimebadilishwa. Herufi za soko kwenye mabano, kama EU au US, nazo zilingane.

Bonyeza "Check for Upgrade". Kikikuambia uko kwenye toleo la mwisho, linganisha bado na tarehe iliyoko kwenye tovuti ya TP-Link chini ya modeli na toleo lako la kifaa. Si kila faili lililoko kwenye tovuti hufikishwa kwa kitufe hicho kwa wakati mmoja.

Kama ruta yako ina "Auto Update", iwashe, lakini angalia mambo mawili. Muda wake kwa kawaida umepangwa kati ya 03:00 na 05:00, yaani saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa ya ruta ikiwa bado iko GMT, muda huo kwetu unaangukia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, wakati watoto wanatafuta mtandao, kwa hiyo weka GMT+03:00. La pili ndilo tunalolikuta zaidi: nyumba inayochomoa ruta kila usiku ili kuokoa umeme haitapata sasisho la kujiweka lenyewe hata siku moja, kwa kuwa saa ya kazi ikifika ruta haina moto.

Swali: Assalaam aleikum. Nikisoma habari kwenye simu, ukurasa ulijifungua ukisema ruta yetu imepitwa na wakati na nipakue sasisho hapo hapo. Ni kweli kampuni za ruta hutuma hivyo? (Msomaji wa Likoni, Mombasa)

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. La. Mtengenezaji wa ruta hana njia ya kuingilia ukurasa wa habari unaousoma. Na famwea ya ruta haipakuliwi kama programu ya kuweka kwenye simu. Faili likiishia na .apk au .exe, lifute.

Lililo muhimu zaidi ni kujua ujumbe huo umetoka wapi. Chukua simu nyingine iliyoko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ufungue tovuti ile ile. Halafu simu yako itoe Wi-Fi, tumia data. Ukijitokeza kwenye simu moja tu, iwe kwa Wi-Fi au kwa data, ni tangazo chafu au programu mbaya kwenye simu hiyo. Ukijitokeza kwenye vifaa vyote vya nyumbani na kupotea ukiwa kwenye data, mshuku ruta: mtu amebadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani. Hili liliwahi kutokea. Machi 2020 wadukuzi waliingia kwenye ruta za Linksys na D-Link, wakabadilisha DNS, na wenye nyumba wakaonyeshwa ujumbe wa kupakua programu ya korona iliyodaiwa kutoka Shirika la Afya Duniani. Ilikuwa programu ya kuiba nywila.

Kwenye ruta, fungua mipangilio ya intaneti na ya "DHCP Server" usome "Primary DNS". Namba za kampuni yako ya intaneti, au 1.1.1.1, 8.8.8.8 na 9.9.9.9, ni za kawaida. Namba usiyoijua, ipigie simu kampuni yako uwaulize kama ni yao. Si yao? Basi fuata mpangilio huu wala usiuvuruge: rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa kitufe cha Reset, weka famwea mpya, weka nywila mpya ya utawala isiyofanana na ya Wi-Fi, kisha zima "Remote Management", yaani ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Ukisasisha bila kufuta mipangilio, DNS ya mwizi itabaki pale pale.

Swali: Mimi ruta nilipewa na kampuni ya fibre. Nimezunguka menyu zote, pa kusasisha hapapo. (Msomaji wa Ruaka, Kiambu)

Jibu: Wamepafunga makusudi. Ruta za namna hiyo husimamiwa kwa mfumo uitwao TR-069, uliokuwapo tangu 2004: ruta huzungumza na seva ya kampuni, nayo seva huiagiza ichukue famwea ipi na lini. Aghalabu hutapata taarifa; utaona tu taa zimezima na kuwaka usiku. Kila inapowashwa, ruta hujitambulisha kwa seva hiyo, kwa hiyo kuizima na kuiwasha mara moja moja si kazi bure.

Mfumo wenyewe una hatari yake. Novemba 2016 nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikosa huduma baada ya washambuliaji kulenga poti 7547 (si tundu la waya, bali namba ya mlango wa mawasiliano ya mtandao) inayotumiwa na usimamizi huo. Lakini usichukue famwea ya mtandaoni ukailazimisha kwenye kifaa cha fibre. Utafuta usajili wake kwenye laini na fundi atalazimika kuja. Wapigie, uwape modeli na namba ya famwea, uwaulize ni ya mwaka gani na kama mtengenezaji ana mpya zaidi. Ukiona wanakuzungusha, nunua ruta yako, chomeka poti yake ya WAN (ya kuingizia intaneti) kwenye poti ya LAN (ya kugawia vifaa vya ndani) ya kifaa chao, zima Wi-Fi yao. Michezo ya mtandaoni na kamera za kutazama ukiwa mbali zinaweza kuleta shida kwa sababu ya ruta mbili kufuatana. Hapo waombe wakiweke kifaa chao kwenye "bridge", yaani kipitishe intaneti tu, kazi ya ruta ifanywe na yako.

Swali: Nauza intaneti kwa majirani, nyumba kama arobaini, zote nimeweka MikroTik hAP lite. Nataka kila famwea mpya ikitoka niwajulishe wateja kwa kikundi cha WhatsApp wasasishe. Nianze vipi? (Msomaji wa Nyegezi, Mwanza)

Jibu: Anza kwa kutowaambia wasasishe. Ruta ni zako na nywila unazo wewe. Mteja hana cha kufanya na namba ya toleo. Atakachokielewa ni kwamba mtandao utakatika lini, kwa muda gani, na asiguse nini. Anayepaswa kupata taarifa za MikroTik ni wewe.

Kwenye RouterOS, yaani famwea ya MikroTik, "System", "Packages", "Check For Updates" kuna mikondo ya matoleo. Kwa wateja wanaolipa, chagua "long-term" au "stable", wala usiguse "testing" na "development". Ili usikumbuke kwa kichwa, acha ruta moja ikuangalizie. Weka kwanza seva ya barua pepe kwenye "Tools", "Email" (poti 587 na TLS, ukitumia Gmail utahitaji nywila maalumu ya programu, ya kawaida itakataliwa), kisha weka hii kwenye "Scheduler" ijirudie kila siku:

/system package update
check-for-updates once
:delay 5s
:if ([get status] = "New version is available") do={ /tool e-mail send to="anwani-yako" subject="Toleo jipya la RouterOS" }

Sekunde tano ni za kusubiri jibu la seva. Laini yako ikiwa nzito, weka 15. Barua ikija, soma orodha ya mabadiliko. Marekebisho ya kipengele usichokitumia yanaweza kungoja mwezi. Tundu la usalama halingoji.

Na hapa tukuelezee kwa nini. Aprili 2018 MikroTik walitoa toleo 6.42.1 kuziba tundu la Winbox (programu ya kusimamia ruta zao kwa kompyuta) lililomwezesha mtu wa nje kusoma nywila za ruta kupitia poti 8291. Dawa ilipatikana mapema, lakini maelfu kwa maelfu ya ruta hazikusasishwa, na zikaja kutekwa. Mwaka 2021 likaibuka jeshi la vifaa vilivyotekwa lililopewa jina la Mēris, na MikroTik wakaeleza kwamba ruta zake ni zile zile zilizoingiliwa 2018. Nyingi zilikuwa zimeshasasishwa! Wenyewe waliziba tundu lakini hawakubadilisha nywila, na aliyeiba nywila akaingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo kila hAP lite uliyoirithi au kuinunua mkononi, mbali na kuisasisha, badilisha nywila, kagua "System", "Scripts" na "Scheduler" ufute usichokiandika wewe, tazama "PPP" kama kuna "L2TP client" (muunganisho wa kwenda seva ya mbali) ya kigeni, kisha nenda "IP", "Services" uzime telnet, ftp na www.

hAP lite ina hifadhi ya MB 16 na memori ya MB 32, kwa hiyo nafasi ni finyu. Sasisho likikataa kwa kukosa nafasi, toa kwenye "Files" nakala za zamani na kurasa nzito za hotspot, washa upya, jaribu tena. Kabla ya hapo chukua nakala mbili: "Backup" na pia amri /export file=kabla, uzihamishie kwenye kompyuta. Nakala iliyobaki ndani ya ruta iliyokufa haina faida. Ruta ikishawaka na toleo jipya, ingia "System", "RouterBOARD", bonyeza "Upgrade", washa upya mara ya pili. Hatua hii wengi huiruka.

Usizifanye arobaini usiku mmoja. Sasisha ya kwako, ikae siku tatu, halafu tano za wateja wa karibu unaoweza kuwafikia kwa miguu, halafu zilizobaki. Zile zinazopata mtandao kupitia ruta nyingine, anza na ya mbali kabisa urudi nyuma, la sivyo ukiikata ya kati utazikata na za mbele yake zikiwa katikati ya kupakua.

Ujumbe wa WhatsApp uwe wa namna hii: "Ndugu mteja, usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 8:00 hadi 8:30 usiku, mtandao utakatika mara mbili, kila mara kama dakika tatu, tukiboresha usalama wa ruta yako. Tafadhali usiichomoe kwenye umeme. Huna unachotakiwa kufanya. Asubuhi ukikosa mtandao, piga namba yetu ile ile ya siku zote." Usiweke kiungo chochote ndani yake, hata cha tovuti ya MikroTik. Mteja akizoea kupokea kiungo cha sasisho kutoka kwako, siku tapeli atakapotumia jina lako atabonyeza bila kuuliza.

Swali: Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kusasisha TL-WR841N. Sasa inawaka taa tu, ukurasa haufunguki. Ndiyo basi? (Msomaji wa Bukoba)

Jibu: Pole sana. Mara nyingi inafufuka, kwa kuwa kisehemu kidogo cha kuwashia ruta hakiguswi na sasisho. Unahitaji kompyuta yenye poti ya waya na programu ya bure iitwayo Tftpd64. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, mask 255.255.255.0, uzime kwa muda ukuta wa moto (firewall) wa Windows. Pakua famwea ya toleo la kifaa chako hasa, ulibadilishe jina: kwa V9 ni wr841nv9_tp_recovery.bin, kwa V11 ni wr841nv11_tp_recovery.bin. Faili lenye neno "boot" kwenye jina lake la asili lisitumike hivi hivi. Chomeka waya kwenye mojawapo ya poti za LAN, si ya WAN. Shikilia Reset, washa ruta, endelea kushikilia hadi Tftpd64 ionyeshe faili linasafiri, kama sekunde kumi, ndipo uachie. Ngoja dakika tano bila kuigusa.

Faili lisipoombwa kabisa, aidha jina limekosewa herufi moja au ukuta wa moto bado uko hai.

Ila kabla ya kutoa jasho, soma stika. Juni 2025 taasisi ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, iliorodhesha WR841N za V8 na V10, WR940N za V2 na V4, na WR740N za V1 na V2 miongoni mwa vifaa vyenye tundu linalotumiwa na washambuliaji, ikashauri visivyo na msaada wa mtengenezaji viachwe. Yako ikiwa mojawapo ya hizo, fedha ya fundi iongezee kwenye ruta mpya.

Na ukinunua UPS ndogo ya ruta, soma volti kwenye adapta: WR841N nyingi ni 9V, Archer nyingi ni 12V. Ukiitia 12V ruta ya 9V unaweza kuiua kabla umeme haujakatika.

Swali: Natumia ruta ya laini ya simu ya Huawei. Sasisho halitanimalizia bando? (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Famwea ya ruta nyingi ni kati ya MB 4 na 40, chini ya video fupi ya dakika chache. Fungua 192.168.8.1, tafuta "Update" ndani ya "Settings" au "System". Fanya hivyo mtandao ukiwa imara, betri imejaa kama ruta yako ina betri, na usitoe laini hadi iwake tena yenyewe.

Swali: Tuko Hamburg, tuna FRITZ!Box. Jirani Mjerumani anasema yeye huletewa barua pepe toleo likitoka. Sisi hatujawahi. (Familia ya Hamburg)

Jibu: Anasema kweli, na laiti watengenezaji wengine wangeiga. Ingieni "System", "Push Service", mweke anwani yenu ya barua pepe, kisha mwashe taarifa ya FRITZ!OS mpya, yaani famwea yake. Halafu "System", "Update", "Auto-Update" kuna ngazi tatu: I hukujulisha tu, II hukujulisha na kujiwekea yale ya lazima, III hujiwekea yote. Kwa nyumba ya kawaida chagueni III. Kuingia, tumieni 192.168.178.1 badala ya fritz.box, kwa kuwa Januari 2024 mtu asiyehusika na AVM, mtengenezaji wa FRITZ!Box, aliwahi kulisajili jina hilo kwenye intaneti ya nje, na simu iliyokuwa kwenye data ikaweza kufika kwake.

Mlioko Ulaya mnabahatika zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iitwayo Cyber Resilience Act, iliyoanza kuwa na nguvu 10 Desemba 2024, itawabana watengenezaji kwa masharti yake makuu kuanzia 11 Desemba 2027: mtumiaji ajulishwe sasisho la usalama likiwapo, na liweze kujiweka lenyewe kama hakulikataa. Uingereza nako, tangu 29 Aprili 2024, mtengenezaji lazima ataje hadi lini kifaa kitapewa masasisho ya usalama. Wasomaji wa huku nyumbani waweza kuidoea sheria hiyo: kabla ya kununua, tafuta modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Uingereza usome tarehe hiyo. Linganisha pia toleo la kifaa na la boksi lililoko dukani, kwani V1 na V4 za jina moja zaweza kupishana miaka.